Nazi, mgando, glisirini au losheni: kipi kinaiweza ngozi iliyohamia Dodoma?

BintiPangani (mwanzisha mada)

Wapendwa, habari za jioni. Nimezaliwa Pangani, nikasoma Tanga mjini, na maisha yangu yote nimejipaka mafuta ya nazi tu, yale ya kupikwa nyumbani. Losheni nilikuwa naziona kwa wenzangu bwenini. Mwezi wa tano nikahamishiwa Dodoma kikazi, na tangu hapo ngozi yangu siielewi. Naoga saa kumi na mbili asubuhi, nanyoosha nguo, najipaka, natoka nang'aa. Ikifika saa nne nikijikuna mkono unabaki mstari mweupe kama wa chaki. Visigino vimeanza magaga. Usoni ndiko nilikochoka kabisa: poda ileile niliyopaka Tanga bila shida sasa inakatika vipande pembeni ya pua na mashavuni.

Juzi asubuhi nimekuta hata mafuta yangu ya nazi yameganda chupani, meupe pe. Nikajua yameharibika.

Nimezunguka maduka ya Majengo nimerudi na kopo la mafuta ya mgando, chupa ya glisirini na losheni moja nzito isiyo na manukato. Naomba wenye uzoefu mnilinganishie: kipi cha mwilini, kipi cha usoni, na poda ikae juu ya nini? Natoka nyumbani saa moja kasoro robo, narudi saa kumi na moja jioni, katikati sina nafasi ya kujipaka upya.

MamaSalha_Ngamiani

Mwanangu usiyamwage! Mafuta ya nazi yakishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi yanaganda, ndiyo tabia yake. Hata hapa Tanga alfajiri za mwezi wa saba yanaanza kuingia ukungu, ila jua likitoka yamesharudi, ndiyo maana hukuwahi kushtuka. Weka chupa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, dakika chache yameyeyuka. Usiyabandike motoni.

Utajua yameharibika kwa harufu. Yakichacha yananuka kama karanga zilizosahaulika kabatini. Na hapo inategemea yalitengenezwaje. Ya tui, yaani umekuna nazi, umekamua tui zito, umeliacha usiku kucha, asubuhi ukaengua ule utando wa juu na kuuchemsha kwa moto mdogo mpaka mashapo yawe ya kahawia, hayo yana harufu nzuri na yakichujwa vizuri bila tone la maji yanakaa miezi. Ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa, ni mazito ya harufu, mengine yanakera pua ofisini. Ukinunua huko bara ukayakuta hayana harufu yoyote, hayo yamesafishwa kiwandani. Si mabaya, lakini si yale ya nyumbani.

Ila nikuulize jambo moja. Unajipaka lini? Umesema unaoga, unanyoosha nguo, ndipo unajipaka. Marehemu bibi yangu alikuwa akitoka bafuni na kanga imelowa, anajipaka palepale mwili una maji. Hakuwahi kutueleza kwa nini.

DadaFamasia

Mama Salha umegusa penyewe.

BintiPangani, pwani hewa yenyewe imebeba unyevu, kwa hiyo hata mafuta mepesi yakipakwa ovyo yanatosha. Dodoma kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na moja karibu hakuna mvua, upepo haukomi, na maji yaliyomo ndani ya ngozi yanaondoka hewani kutwa nzima. Mafuta hayaongezi maji mwilini. Yanazuia yaliyomo yasitoke. Mpaka umalize kunyoosha nguo maji ya kuoga yameshakauka, kwa hiyo unafunika ngozi iliyokwisha kuwa kavu. Inang'aa kwa juu, chini imepauka vilevile.

Hivyo vitu vinne ulivyo navyo havifanyi kazi moja, ndiyo maana watu wanabishana bila kufika popote.

Mafuta ya mgando kazi yake ni kufunika tu. Na kwa kufunika hakuna cha bei nafuu kinachoyapita: vitabu vya ngozi vinayapa uwezo wa kuzuia hadi asilimia 98 ya maji yanayopotea, wakati mafuta mengine mengi yako kwenye asilimia 20 au 30. Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza kwa jina la Vaseline mwaka 1872, na mpaka leo hospitali bado zinayatumia.

Glisirini ni kinyume chake. Haifuniki, inavuta maji. Kwenye hewa yenye unyevu inavuta kutoka nje. Kwenye hewa kavu kama ya Dodoma, ukiipaka nzito bila kuichanganya, inavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe. Ndiyo maana mtu anasema glisirini ni dawa na mwingine anasema imemkausha, na wote wanasema kweli. Ichanganye: kijiko kimoja cha glisirini kwa vijiko viwili au vitatu vya maji, upake ngozi ikiwa mbichi, kisha ufunike juu kwa kitu cha mafuta.

Mafuta ya nazi yanalainisha na kufunika kwa kiasi. Losheni ni maji, mafuta na mara nyingi glisirini vikiwa vimeshachanganywa kiwandani. Nyepesi inayomiminika kama maziwa ina maji mengi na inakwisha haraka, nzito inadumu zaidi.

Na hiyo sabuni unayoogea ni ipi? Kama ni ya mche, iache kwa nguo. Sabuni za namna hiyo zina pH (kipimo cha tindikali na alkali) ya 9 au 10, ngozi yako iko karibu na 5. Inaondoa mpaka yale mafuta uliyozaliwa nayo.

WaLimuru

Nawasalimu nikiwa Kenya. Hapa kwetu Limuru mwezi wa saba ni baridi na ukungu, lakini ngozi inapasuka vilevile, hasa mikono ya sisi tunaoamka kukamua. Watu wengi hapa wanajipaka Arimis. Ilitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe, zisipasuke wakati wa kukamua, watu wakaona mikono yao wenyewe imelainika, ikaingia nyumbani. Mimi nimelelewa nayo. Ni mafuta ya mgando tu kwa jina lingine, ila ni nzito na bei yake iko chini.

Kasoro yake ni moja, kwa uso haifai kama unatoka. Inang'aa sana na vumbi lote linakuja kwako. Dadangu akiwa shuleni aliipaka usoni kila siku na akatoka vipele kwenye paji, alipoacha vikapungua. Kwa miguu, viwiko na visigino sitabadilisha.

Bodaboda_AreaC

Wakuu, hii mada ni ya dada zetu lakini naomba kuingia. Mimi ni dereva wa boda hapahapa Dodoma. Midomo inapasuka mpaka inatoa damu na mgongo wa mikono umekuwa kama gome. Nalamba midomo kutwa lakini haisaidii. Nifanyeje?

DadaFamasia

Kaka, kulamba ndiko kunakokupasua. Mate yanakauka kwa upepo na kuondoka na unyevu uliokuwepo. Beba kikopo kidogo cha mafuta ya mgando mfukoni, paka kabla ya kuwasha pikipiki na kila unaposhusha abiria. Mikononi paka kabla ya kuvaa glovu. Asubuhi, kabla ya vyote, losheni ya kuzuia jua kwenye mgongo wa mikono, shingo na uso.

HappyMajengo

BintiPangani usijitese. Kuna losheni inachanganywa na dada mmoja, ukiipaka siku saba ngozi inakuwa laini kama ya mtoto na inang'aa, madoa yote yanaondoka. Haina jina, inakuja kwenye kopo jeupe. Ukitaka nikuunganishe naye.

NimepitiaHayo

Dada Happy, najua unamtakia mema mwenzako, lakini naomba unisikilize. Kopo jeupe, halina jina, siku saba, laini kama mtoto. Mimi niliuziwa maneno hayohayo miaka michache iliyopita. Huo ni mkorogo.

Wiki ya kwanza ni kweli uso ulilainika na madoa yalififia. Mwezi wa tatu jua likawa linaniunguza hata nikienda dukani. Nikatoka chunusi ambazo sijawahi kuwa nazo hata nikiwa binti. Nilipojaribu kuacha, uso ukawaka, ukavimba, ukawasha usiku kucha, nikarudia tena kupaka ili nipate nafuu. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa nimeshafungwa. Mapajani nina michirizi mpaka leo. Daktari wa ngozi aliniambia ndani yake kulikuwa na dawa kali za steroidi, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuachana nayo kidogokidogo chini ya uangalizi wake.

BintiPangani ana ngozi kavu. Hana ugonjwa na hana haja ya kubadilisha rangi yake.

DadaFamasia

Pole sana dada, na asante kwa kusema. Kwa wanaosoma: viambato vitatu vinavyoingia kwenye mikorogo ni haidrokwinoni, steroidi na zebaki. Tanzania imevipiga marufuku kwenye vipodozi kwa miaka mingi, kwanza chini ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na tangu mwaka 2019 jukumu la vipodozi liko TBS, shirika la viwango. Zebaki kwenye kopo mara nyingine huandikwa calomel au mercuric iodide, na madhara yake yanafika kwenye figo. Kopo lisilo na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho halipaswi kugusa uso wa mtu. Na anayetumia tayari asiache ghafla peke yake, aende kliniki ya ngozi.

HappyMajengo

Nimesoma. Mimi nina wiki tatu natumia. Nimeogopa. DadaFamasia naomba nije faragha.

DadaFamasia

Karibu mdogo wangu. Wiki tatu si nyingi, na umewahi kuuliza. Nakuandikia sasa hivi.

UkhtiMaskati

Assalam alaykum. Mimi ni wa Unguja, niko Maskati mwaka wa tisa. Huku nje ni joto la kuchoma na ndani ni kiyoyozi usiku na mchana, na kiyoyozi kinakausha ngozi kushinda upepo wa Dodoma. Nilipofika nilikuwa na mafuta yangu ya nazi kama wewe, na miguu ikapauka kama wewe.

Walionifundisha ni wazee wa hapa. Glisirini nachanganya na maji ya waridi badala ya maji matupu. Waridi la Jabal Akhdar, milima ya huku Oman, linavunwa majira ya kuchipua, wanalichemsha kwenye majiko ya udongo, na maji yake yana harufu ya moshi kidogo, si kama yale ya dukani yenye manukato ya kutia. Kusema kweli kwa ngozi hayazidi maji safi kwa kiasi kikubwa, ila harufu inanifanya nisisahau kupaka. Changanya kidogokidogo, chupa ya wiki moja, uiweke kwenye friji, kwa sababu maji bila dawa ya kuhifadhi yanaota ukungu.

Juu yake napaka mafuta ya mgando kidogo sana, kiasi cha punje ya harage kwa mguu mzima, nayeyusha kwanza viganjani. Wengi wanachota kidole kizima ndiyo maana wanasema yananata.

Na kwa kuwa mmetaja vipodozi: dada zangu mnaopenda wanja wa manga wa jiwe, ulizeni umetengenezwa na nini. Baadhi ya mawe yanayosagwa ni madini ya risasi, na yanaingia mwilini, kwa mtoto ndiyo mbaya zaidi. Nilikuwa nimewapaka wanangu wote wawili. Nimeacha.

BintiPangani

Nimesoma yote, mpaka machozi kwa NimepitiaHayo. Nimeamua kujaribu kwa utaratibu. Mguu wa kulia kitu kimoja, wa kushoto kingine, siku nne kila jozi, sabuni ileile (nimeacha ya mche), na kipimo ni kukwaruza kwa kucha saa tano, saa nane na saa kumi na moja jioni kuona kama mstari mweupe unatoka. Nitarudi.

FundiPoda

Wakati tunamsubiri niseme la poda, maana napamba maharusi hapa Dodoma na Morogoro na hili naliona kila mwezi wa nane. Dada, poda haina kosa. Inakatika kwa sababu imeshika ngozi iliyokufa, ile inayosimama kama magamba madogo. Unaongeza poda kuficha, inashika zaidi.

Usoni usitumie dodoki. Chukua kitambaa laini kilicholowa maji ya uvuguvugu, zungusha taratibu bila kukandamiza, mara moja au mbili kwa wiki, usiku. Asubuhi nawa kwa maji tu au sabuni laini, papasa kwa taulo uache uso mbichi, paka losheni yako nzito hapohapo. Kisha subiri. Dakika kumi kamili, vaa nguo, kunywa chai. Hapa ndipo watu wanapoharibu, wanapaka poda losheni ikiwa bado inateleza, inajikusanya.

Losheni ya jua inafuata, nayo ipewe dakika zake. Baada ya hapo tishu moja, iweke usoni ubonyeze, usifute, itanyonya kinachong'aa. Ndipo poda, na si uso mzima. Paji la uso, pua na kidevu. Mashavu yaache au yaguse tu kwa kilichobaki kwenye brashi. Bonyeza, usisugue. Kwenye baridi na upepo mimi napendelea fondesheni ya krimu kidogo sana, tone la ukubwa wa punje ya mahindi, inayopigwa kwa sifongo kilicholoweshwa na kukamuliwa. Inakaa kuliko poda tupu.

Rangi usiipime mkononi. Ipime chini ya taya, utoke nje kwenye mwanga wa jua, ile inayopotea ndiyo yako. Poda nyeupe isiyo na rangi inaacha weusi wetu na majivu, hasa kwenye picha, tafuta yenye umanjano au wekundu kwa chini kulingana na ngozi yako.

Angalia pia ule mchoro wa kikopo kilichofunguka nyuma ya kipodozi: umeandikwa 6M au 12M, ni miezi tangu ulipofungua. Maskara miezi mitatu tu, basi. Na wanja usiazimane hata na dada yako wa tumbo moja. Sisi wa mkoa huu, wenye ndugu Kongwa, tunajua trakoma imefanya nini kwenye macho ya bibi zetu, na vijidudu vya macho vinapita kwenye mikono, vitambaa na kila kinachogusa jicho.

MzaziWaMoshi

Naongezea kwenye losheni ya jua, kwa kuwa ndiyo iliyotulinda. Mwanangu ana ualbino. Tunapata Kilisun, inatengenezwa hapahapa Moshi kwenye kituo cha ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu kama yeye. Jambo nililofundishwa kliniki na ambalo naona wengi hawalijui ni kiasi. Uso na shingo ni mistari miwili mirefu, ya kidole cha shahada na cha kati, tangu ncha mpaka mwanzo wa kidole. Ukipaka tone, namba iliyoandikwa kwenye chupa haina maana. Unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani. SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya miale ile inayounguza, 50 ni karibu 98, kwa hiyo kwa mwenye ngozi nyeusi usihangaike na namba kubwa, hangaika na kupaka ya kutosha. Kwa mwanangu hatupunguzi, na kofia pana na mikono mirefu viko palepale.

FundiPoda

Ahsante mzazi mwenzangu, Mungu amkuze. Kwa wenye madoa ya ujauzito mashavuni, tafuteni losheni ya jua yenye rangi ya ngozi. Hiyo rangi ni oksidi za chuma, na zinazuia ule mwanga unaoonekana ambao losheni za kawaida zinauacha upite na kuzidisha madoa. Na haiachi weupe usoni.

Niko_Gulu

Hakuna aliyetaja shea? Niko kaskazini ya Uganda kikazi, huku ndiyo mafuta ya nyumbani, ya kula na ya kupaka. Miti inaota yenyewe, akina mama wanaokota kokwa, wanakausha, wanasaga, wanachemsha. Ya huku ni laini kuliko ile ngumu ya Afrika Magharibi, ikigusa kiganja imeyeyuka. Kwangu mimi iko katikati: inafunika zaidi ya nazi, inanata pungufu ya mgando. Harufu ya ile isiyosafishwa inahitaji mazoea, na Dodoma sidhani utaipata kwa bei ya huku.

BintiPangani

Nimerudi. Siku kumi na sita, sijaruka hata moja.

Jozi ya kwanza: nazi juu ya ngozi kavu kulia, nazi juu ya ngozi yenye maji kushoto. Mafuta yaleyale. Kulia mstari mweupe saa tano. Kushoto saa tano hakuna, saa nane umeanza kwa mbali. Hapa nilikaa kitandani nikawaza miezi yote niliyotoka bafuni nikashika pasi kwanza. Bibi yake Mama Salha alikuwa na haki.

Jozi ya pili: mgando mwingi juu ya ngozi kavu kulia, mgando kiasi cha harage juu ya ngozi yenye maji kushoto. Kulia mstari haukutoka mpaka jioni, lakini vumbi liliganda kama unga kwenye andazi, sketi ikapata alama ya mafuta, na usiku nilipooga ngozi ikarudi kukaza vilevile. Kushoto hakukunata, hakukushika vumbi la kuonekana, na saa kumi na moja palikuwa laini.

Jozi ya tatu: glisirini tupu kulia, glisirini na maji bila kitu juu kushoto. Ya kulia niliiacha siku ya pili, muundi ulikuwa unawasha na kukaza. Ya kushoto ilikuwa nzuri sana mpaka saa tano, nzuri kuliko nazi, halafu baada ya chakula cha mchana ikaanza kukaza.

Jozi ya nne: losheni nzito juu ya ngozi yenye maji kulia. Kushoto glisirini na maji, kisha mgando kidogo juu. Losheni ilifika saa nane vizuri, jioni mstari mwembamba. Ya kushoto ndiyo bora kuliko zote. Jioni nilikwaruza mara tatu sikuamini.

Kwa hiyo mimi nimepanga hivi. Miguu, magoti na viwiko ni glisirini na maji, kisha mgando. Mikono losheni, kwa sababu nashika makaratasi siku nzima na mgando unaacha alama. Usoni losheni ileile, dakika kumi, losheni ya jua, na poda nimebaki nayo puani na kwenye paji tu. Siku ya tatu mwenzangu wa ofisini akaniuliza nimebadilisha poda gani. Ni ileile ya Tanga.

Mafuta ya nazi sijayaacha. Usiku napaka mwilini na kwenye nywele, na usoni hayajawahi kunitoa chunusi tangu utoto. Nimejifunza tu kwamba chini ya poda yanateleza.

Magaga bado. Msaada hapo.

DadaFamasia

Hongera, umefanya kazi ambayo wengi hawana subira nayo. Kuhusu nazi usoni: kwa wengi inaziba vinyweleo, kwa wengine haina shida, kama wewe. Aliye na chunusi asiiguse usoni.

Magaga: usiku loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi na tano, sugua kwa jiwe ukiwa umelowa, kidogo kila siku, usimalize kwa siku moja na usitumie wembe. Kausha katikati ya vidole, paka mgando mzito visiginoni, vaa soksi za pamba, lala. Kama wiki mbili hazikutosha, uliza duka la dawa krimu yenye yurea asilimia 20 au 25, hiyo inayeyusha gamba gumu. Ukiona ufa unatoa damu, au una kisukari, nenda hospitali usijitibu.

Jingine kwa wote mnaotumia mgando: kitambaa kilichonyonya mafuta kinashika moto upesi na kufua hakuondoi mafuta yote. Kanga unayojifunga ukitoka kujipaka isiwe ndiyo ya kupikia kwenye jiko la mkaa.

Bodaboda_AreaC

Mimi nimetekeleza. Midomo imefunga ndani ya wiki. Nimewaambia na wenzangu kijiweni, sasa kila mtu ana kikopo chake.

MamaSalha_Ngamiani

BintiPangani, nimekupikia chupa mbili za tui, ziko tayari. Nitumie jina la basi faragha nizikabidhi stendi. Nimezijaza mpaka shingoni na kuzifunga nailoni, zikifika zimeganda usishtuke.

BintiPangani

Mama, Mungu akuzidishie. Mvua zikianza Desemba nitarudia nazi na losheni, kulia na kushoto, nione kama Dodoma yenye unyevu inaikubali nazi peke yake. Matokeo nitayaleta hapahapa.